Kufufua Redio ya Valvu ya Kubebeka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa watu wanaoleta redio za wazee wao kwenye meza yangu ya ufundi hapa Mbeya. Wengi wanatoka Tukuyu, Mbozi na Tunduma, na wengine hufunga safari kutoka Makambako na Iringa wakiwa na sanduku lililofungwa kwa kanga. Majibu yanahusu redio za betri zenye valvu ndogo, si redio kubwa za mezani zinazotumia umeme wa ukutani peke yake. Anayeanza asome sehemu ya pili na ya tatu kabla ya kugusa betri yoyote, kwa sababu redio nyingi nilizoziona zimekufa hazikuuawa na umri. Zimeuawa siku ile mtu alipotaka kuona kama bado zinaongea.

## Kuifahamu redio yenyewe

Nitajuaje kama redio ya babu ni ya valvu na si ya transista?

Fungua mgongo wake. Ukiona vichupa vya kioo vinne au vitano, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kidole gumba na miguu saba myembamba chini, hiyo ni redio ya valvu. Dalili nyingine ni nafasi kubwa ya betri ambayo haifanani na betri yoyote inayouzwa dukani leo, pamoja na plagi mbili, moja ya betri ndogo ya volti 1.5 na nyingine ya betri kubwa ya volti 67.5 au 90. Redio ya transista haihitaji volti nyingi kiasi hicho.

Ni ya miaka gani?

Valvu ndogo za miguu saba zilianza kuuzwa ndani ya redio za kubebeka mwaka 1940, kampuni ya RCA ya Marekani ilipotoa redio yake ya BP-10. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1, ilitoka mwaka 1954, na miaka michache baadaye valvu zilianza kuondoka kwenye redio za betri. Kwa hiyo redio nyingi za aina hii ni za kati ya mwaka 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Namba zilizoandikwa kwenye valvu zitakusaidia zaidi. Ukikuta 1R5, 1T4, 1S5 na 3S4, au majina yake ya Ulaya DK91, DF91, DAF91 na DL92, hiyo ni familia ya kwanza. Ukikuta DK96, DF96, DAF96 na DL96, hiyo ni familia iliyokuja baadaye, inayokula nusu tu ya mkondo wa betri ndogo. Andika namba hizi kwenye karatasi pamoja na nafasi ya kila valvu kabla ya kuchomoa hata moja.

Nina redio ya duara ya bati la buluu iliyotoka upande wa Zambia. Ni kitu gani?

Huenda unayo redio yenye historia ya pekee katika ukanda wetu. Mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ilianza kutengeneza redio ya bei nafuu kwa ajili ya wasikilizaji Waafrika wa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), baada ya Harry Franklin, aliyekuwa mkuu wa idara ya habari huko, kuzunguka akitafuta kiwanda kitakachokubali kazi hiyo. Kasha lake la alumini lilitokana na umbo la sufuria, ndiyo maana ikaitwa redio ya sufuria. Ilikuwa na valvu nne, ilipokea masafa mafupi tu, na iliuzwa kwa pauni 5, huku betri yake ikikadiriwa kudumu saa 300. Wasikilizaji waliinunua ili kusikia matangazo ya Lusaka katika lugha zao.

Ukiwa nayo, usiipake rangi upya, hata kama buluu imechubuka. Ufundi wa ndani ni uleule unaoelezwa katika sehemu zinazofuata.

Nikiifufua nitasikia stesheni gani?

Hutasikia FM, na ni vizuri mwenye redio aelezwe hivyo mapema kabla hajalipia vifaa. Redio hizi hupokea masafa ya kati, mafupi, au yote mawili. Masafa ya kati hufika mbali zaidi usiku, kwa sababu mchana jua hujenga tabaka la chini la anga linaloyameza mawimbi hayo, na jua likizama tabaka hilo hutoweka. Basi usiihukumu redio yako saa sita mchana. Subiri saa mbili usiku, itoe nje mbali na taa za LED na chaja za simu, kisha izungushe taratibu upande huu na upande ule, maana antena yake iliyo ndani ya sanduku husikia zaidi pande fulani kuliko nyingine.

Sahani za redio nyingi, yaani uso wenye namba za stesheni, zimeandikwa mita badala ya kilohezi. Gawanya 300,000 kwa mita utapata kilohezi: mita 300 ni kilohezi 1,000, na mita 25 ni kilohezi 12,000.

## Kabla ya kuweka betri

Je, ninaweza kuijaribu kwanza nione kama inafanya kazi?

Hapana. Ninalijibu swali hili kila wiki, na bado ninalijibu bila kuchoka, kwa sababu hapa ndipo redio hupona au hufa.

Ndani ya kila valvu kuna filamenti, uzi mwembamba kuliko unywele, unaohitaji volti 1.4 tu. Katika redio hiyohiyo kuna volti 90 kwa ajili ya anodi, bamba la ndani ya valvu linalopokea mkondo. Waya uliooza ganda, plagi iliyogeuzwa au kapasita (kifaa kidogo kinachohifadhi umeme) iliyopasuka inaweza kuzipeleka zile volti 90 kwenye filamenti, na valvu zote zikakatika kwa pamoja. Iliwahi kunitokea mimi mwenyewe nilipokuwa bado ninajifunza. Niliamini rangi za nyaya, nyekundu na nyeusi, bila kupima. Hapakuwa na mlio wala moshi. Paliwaka nuru nyeupe ndani ya vichupa vinne, fupi kama kufumba jicho, kisha kimya. Redio ile ilikuwa ya mzee mmoja wa Rungwe aliyeitunza darini kwa zaidi ya miaka thelathini, na ilinichukua miezi kupata valvu nyingine.

Fuata mpangilio huu: chomoa valvu, safisha, kagua nyaya, badilisha kapasita mbovu, pima soketi (mahali valvu zinapochomekwa) zikiwa tupu, na hapo ndipo urudishe valvu. Namna ya kupima soketi imeelezwa chini ya swali la kulinda valvu, katika sehemu ya betri.

Nitapimaje kama valvu ni nzima?

Kwa mita ya digitali ya kupimia umeme, iliyowekwa kwenye omu (kipimo cha ukinzani). Igeuze valvu miguu ikutazame, tafuta pengo kubwa kati ya miguu, kisha hesabu kutoka penye pengo kwa mwelekeo wa mshale wa saa. Katika 1R5, 1T4 na 1S5 filamenti iko kati ya mguu wa 1 na wa 7. Katika 3S4 filamenti ni mbili zilizounganishwa katikati kwenye mguu wa 5, kwa hiyo pima 5 na 1, kisha 5 na 7. Filamenti ya volti 1.4 na miliampia 50 ina omu 28 ikiwa moto, na ikiwa baridi husoma chini ya hapo. Mita isiposoma chochote, filamenti imekatika na valvu hiyo haina dawa.

Usitumie mita ya zamani ya mshale kwenye kipimo chake cha chini cha omu, kwani baadhi ya mita hizo husukuma mkondo mkubwa kuliko filamenti inavyostahimili, nawe utaiua valvu kwa kipimo kilichokusudiwa kuikagua.

Mbona valvu zangu haziwaki kama zile za redio kubwa?

Haziwaki kwa sababu zimeundwa zifanye kazi kwa joto dogo ili kuokoa betri. Zima taa, funga mapazia, utaona wekundu hafifu sana kwenye uzi, na pengine usiuone kabisa. Usiongeze volti ukitafuta mwanga.

Redio imenyeshewa, au imekaa mahali penye ukungu miaka mingi. Niikaushe juu ya jiko?

Usithubutu. Koili (nyaya nyembamba zilizozungushwa) na kapasita za karatasi zimezamishwa kwenye nta, na joto la jiko huiyeyusha nta hiyo. Iweke wazi ndani ya sanduku la mbao lenye balbu ya uzi inayotoa joto ya wati 25 kwa siku mbili au tatu, balbu ikiwa mbali na koili. Miezi ya Juni hadi Agosti, baridi yetu ya Mbeya na Njombe inapokuwa kavu, chumba chenye hewa kinatosha.

## Betri

Betri ya volti 90 nitaipata wapi?

Utaitengeneza. Betri kumi za mraba za volti 9 zikipangwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, hutoa volti 90 kamili, na vichwa vyake vimeundwa kushikana vyenyewe. Kwa redio ya volti 67.5, betri saba hutoa volti 63, nazo zinatosha. Zipange kwenye boksi la karatasi ngumu lenye ukubwa wa betri ya asili, na mwenye redio akifungua mgongo aone kitu kinachofaa mahali pake.

Makanisa na kumbi nyingi hubadilisha betri za maikrofoni zisizo na waya kabla ya kila ibada au sherehe ili zisizimike katikati. Zile zinazotolewa mara nyingi bado zina volti 8 hivi. Muombe anayehusika na vyombo akuwekee. Betri kumi na moja au kumi na mbili za namna hiyo hufanya kazi nzuri.

Volti 90 hizi si za kuchezea. Zinarusha, na zaidi mikono ikiwa na maji.

Na ile ya volti 1.5?

Jiwe kubwa la tochi linatosha. Usiweke mawili mfululizo hata kama nafasi inaruhusu, kwani utapata volti 3. Ukitaka yadumu, weka mawili sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi.

Nitahakikishaje kwamba sitaunguza valvu siku ya kwanza?

Valvu zote zikiwa nje, unganisha betri kubwa peke yake, washa swichi, na pima volti kwenye soketi kati ya tundu la 1 na la 7. Kwa valvu ya mwisho, 3S4, matundu hayo mara nyingi yameunganishwa pamoja, kwa hiyo pima kati ya 5 na 1. Mita isome sifuri kila mahali. Ikisoma volti kumi, ishirini au tisini, simama hapo na utafute njia ambayo umeme huo umepitia. Kisha ondoa betri kubwa, weka ndogo, na upime tena: kila soketi isome volti 1.5.

Ukirudisha valvu, ingiza rizista (kifaa kinachozuia mkondo kuzidi) ya omu 2,200 yenye wati 5 kwenye waya wa chanya wa betri kubwa. Hata kukiwa na kosa ulilolipita bila kuliona, rizista hiyo hairuhusu zaidi ya miliampia 41 kupita, kiasi ambacho filamenti zinakistahimili. Redio itaongea kwa sauti ndogo kidogo, na hiyo ndiyo ishara ya kwamba unaweza kuiondoa.

Betri zitadumu muda gani?

Redio ya valvu nne hula takriban miliampia 10 kutoka betri kubwa, hivyo betri kumi nzuri za alikali huenda saa 40 au zaidi. Upande wa jiwe la tochi, familia ya 1R5 na 3S4 hula miliampia 250, na familia ya DK96 hula 125.

Redio inayoongea vizuri kisha ikanyamaza ghafla baada ya saa kadhaa, hata kwenye stesheni yenye nguvu, kwa kawaida imepungukiwa jiwe la tochi. Valvu ya kwanza ndiyo inayozalisha mawimbi yake yenyewe ya kuchanganya na yale ya stesheni, na jiwe likishuka kwenye volti 1.1 hivi valvu hiyo huacha kuzalisha, huku nyingine zikiendelea kufanya kazi. Badilisha jiwe kabla ya kufungua chochote.

Ninaweza kutumia betri ya sola yenye kifaa cha kupandisha volti?

Inawezekana, ila vifaa vingi vya bei nafuu vya kupandisha volti hutoa kelele zinazofunika masafa ya kati yote. Kifunge ndani ya kopo la bati lililounganishwa na hasi, na ukiweke mbali na antena. Mimi hupendelea betri kumi.

## Ndani ya chasi

Ni kapasita zipi nibadilishe?

Za karatasi zote zilizozamishwa kwenye nta, na zile za elektroliti. Weka za filamu za volti 400 zenye mikrofaradi zilezile, na kwa elektroliti ya mikrofaradi 8 weka 10 ya volti 160, ukiangalia chanya na hasi. Kapasita ndogo za mika na za kauri ziache zilivyo, kwani ni nadra kuharibika. Badilisha moja baada ya nyingine na upige picha kabla ya kila hatua.

Redio inaongea kwa mkwaruzo na betri kubwa inaisha upesi. Tatizo ni nini?

Karibu kila mara ni kapasita moja, ile inayounganisha anodi ya 1S5 na gridi (wavu wa ndani unaodhibiti mkondo) ya valvu ya sauti, yaani 3S4. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia volti za anodi. Karatasi yake ikinyonya unyevu, na kwenye nyumba za Rungwe ambako mvua haikauki unyevu ni wa kila siku, huanza kuvujisha volti hizo. Gridi inayopaswa kuwa hasi kwa volti kadhaa husogea kuelekea chanya, valvu huvuta mkondo kupita kiasi, sauti hukwaruza, na betri huisha kabla ya wakati wake.

Unaweza kuliona kosa hili kwa macho yako. Zima redio, fungua upande wa kapasita ulioungwa kwenye gridi, uuache ukielea, gusisha hapo ncha nyekundu ya mita na ncha nyeusi kwenye chasi (fremu ya chuma iliyobeba vifaa), kisha washa. Kapasita nzima itarusha namba kwa nukta moja na kurudi sifuri. Mbovu itabaki pale, volti 5, volti 12, na namba haishuki. Nimewaonyesha vijana wengi kipimo hiki, na baada ya hapo hakuna anayeniuliza tena kwa nini ninabadilisha kapasita ambayo kwa nje inaonekana mpya.

Redio iko kimya kabisa, hata mvumo hakuna.

Pima volti kwenye anodi ya valvu ya sauti. Zisipokuwepo, waya wa transfoma ya spika umekatika. Ni mwembamba na huoza kwa ukijani. Ukipima kwa omu, upande wa anodi unapaswa kusoma mamia ya omu. Volti zikiwepo, rudi kwenye spika na swichi.

Nizungushe zile skrubu za kwenye makopo ya koili ili stesheni ziongezeke?

Usiziguse. Kiwanda kilizipanga kwa kifaa, kwa kawaida kwenye kilohezi 455 kwa redio za Marekani na karibu na 470 kwa za Uingereza, na viini vyake huvunjika kama chaki. Ukishamaliza yote mengine na redio bado ni dhaifu, mpelekee fundi mwenye jenereta ya mawimbi.

Panya wametoboa spika.

Ziba kwa vipande vya karatasi laini ya shashi na gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, safu nyembamba moja tu, uiache ikauke usiku kucha.

## Sanduku na sura yake

Nitatoaje masizi na kuvu kwenye kitambaa cha sanduku?

Masizi ya jikoni yana mafuta, kwa hiyo maji matupu huyatandaza tu. Tumia kitambaa kilicholowa kidogo maji ya sabuni ya kipande, kikamuliwe sana, ukisugua sehemu ndogo na kuikausha papo hapo. Kuvu ifute kwa spiriti, nje na uvungu wa mfuniko. Kioo cha sahani usikisugue upande wa maandishi kwa kitu chochote, hata maji, kwa sababu majina ya miji na namba hutoka pamoja na vumbi, na yakitoka hayarudi.

Mbao zimeliwa na bungua.

Toa chasi, spika na antena. Lifunge sanduku tupu kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uliweke kwenye friza kwa wiki mbili, kisha uliache lirudi kwenye joto la kawaida likiwa bado limefungwa. Matundu yajaze kwa nta ya rangi inayokaribiana na ubao.

## Mambo yasiyotokea mara nyingi

Redio yangu inatumia betri na pia umeme wa ukutani. Je, maelezo ni yaleyale?

Sehemu kubwa ndiyo, ila kuna hatari tatu za ziada. Nyingi zilitengenezwa kwa volti 117 za Marekani, kwa hiyo zinahitaji transfoma ya kushusha volti zetu 230. Chasi yake inaweza kuwa na umeme wa ukutani moja kwa moja, na transfoma yenye nyaya mbili zisizogusana hukulinda katika hilo pia. Bamba la seleniamu linalogeuza umeme huo likiungua hutoa moshi wenye sumu na harufu ya uozo. Liondoe mapema na uweke dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya 1N4007 pamoja na rizista ya kurudisha volti mahali pake pa asili.

Katika redio hizi filamenti zimeungwa mfululizo. Usichomoe valvu redio ikiwa imechomekwa ukutani, kwa sababu kapasita iliyo kwenye mstari huo hujaa volti nyingi, na ukiirudisha valvu volti hizo hupita kwenye nyuzi zote.

Nina Zenith Trans-Oceanic, redio ya kubebeka ya Marekani, yenye valvu ya 1L6 iliyokufa. Ninaweza kuweka 1R5?

Unaweza, na masafa ya kati yatafanya kazi, lakini bendi za juu za masafa mafupi zitakuwa dhaifu au kimya. 1L6 ni adimu na ghali. Weka 1R5 redio itumike, funga karatasi ndani ya sanduku inayoeleza ulichofanya, na uendelee kuitafuta ya asili.

Fundi mwingine amenishauri nitoe valvu zote niweke bodi ya kisasa yenye bluetooth. Unasemaje?

Ninakuomba usifanye hivyo kwenye redio yenye chasi nzima. Spika mpya yenye bluetooth utaipata sokoni Mwanjelwa siku yoyote, lakini chasi ikishatupwa hakuna duka litakalokuuzia nyingine. Kama unachotaka ni kusikia muziki wa simu yako kwenye redio hiyo, mafundi wengi wanaweza kuunga waya mmoja mwembamba, kupitia kapasita ya mikrofaradi 0.1 ya volti 400, kwenye ncha ya juu ya kitasa cha sauti, na mwingine kwenye chasi. Hilo lifanyike kwa redio ya betri peke yake, kamwe si kwa ile iliyoelezwa juu inayochomekwa ukutani, na waya huo hutoka kwa kuchomolewa mara mbili tu siku utakapouchoka.

Valvu zote nne zimekatika na sina pesa ya kununua nyingine kwa sasa.

Fanya kazi nyingine zote kama ilivyoelezwa, kisha uzirudishe valvu hizo mbovu kwenye soketi zake ili miguu isijae kutu na soketi zisijae vumbi. Toa betri, kwa kuwa betri zilizosahaulika huvuja na kula bati na shaba. Gundisha ndani ya mgongo karatasi yenye namba za valvu, tarehe, na kapasita ulizobadilisha, ili atakayeifungua baada yako aanzie hapo ulipoishia.